Mwalimu na Mwanafunzi katika Karate: Deni la Pande Mbili

Mzazi anayempeleka mwanawe kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa karate, uwe wa Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London, aghalabu hutarajia kuona ngumi na mateke. Badala yake, jambo la kwanza analoliona ni watu kuinama. Mwanafunzi huinama mlangoni kabla ya kuingia. Huinama mbele ya mwalimu, huinama mbele ya mwenzake anayekaribia kupambana naye, na mwisho wa somo wote hupiga magoti katika mstari mmoja na kuinama tena. Kila asemalo mwalimu hujibiwa kwa sauti moja ya kukubali.

Mzazi huyo ana haki ya kujiuliza: je, mwanangu anafunzwa adabu, au anafunzwa kumwogopa binadamu mwenzake? Utiifu huu una mpaka? Na mwalimu naye, anadaiwa nini na huyu anayemwinamia?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kurejea kule karate ilikotoka, yaani kisiwa cha Okinawa kilichoko kusini ya Japani, na kwa kutazama maisha ya walimu walioieneza. Itadhihirika kwamba katika jadi yenyewe uaminifu ulikuwa deni la pande mbili, na kwamba mwenye kudaiwa kwanza alikuwa mwalimu.

Maneno na maana zake

Mwalimu wa karate huitwa "sensei". Watu wengi hudhani kwamba neno hilo lina maana ya bwana au mtawala, lakini sivyo. Maana yake ya asili ni "aliyezaliwa kabla", yaani mtu aliyetangulia njiani. Huko Japani, mwalimu wa shule ya msingi na daktari wa hospitali nao huitwa vivyo hivyo.

Mwanafunzi aliyepokelewa na mwalimu wake mahsusi huitwa "deshi". Neno hilo huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni ya ndugu mdogo wa kiume, na ya pili ni ya mtoto. Kwa hiyo katika maandishi yenyewe, mwanafunzi si mteja wala mtumishi, bali ni mtu wa nyumbani. Aliyehamia kabisa katika nyumba ya mwalimu na kuishi naye huitwa "uchi-deshi", na hali yake haitofautiani sana na ya mwanagenzi wa useremala au uhunzi katika miji yetu ya pwani, ambaye hula kwa fundi wake, humbebea zana, na hujifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kuelezwa.

Ukumbi wa mazoezi huitwa "dojo", maana yake mahali pa njia. Ama kuinama, ambako kwa Kijapani huitwa "rei", ni salamu ya kila siku katika nchi hiyo: muuza duka humwinamia mnunuzi, na jirani humwinamia jirani. Wapo wazazi, hususan Waislamu, ambao hutatizwa na jambo hili, kwa kuwa kwao rukuu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na zipo kumbi nje ya Japani ambamo salamu ya namna nyingine hukubaliwa. Lakini kwa anayetaka kuelewa tu maana ya tendo lenyewe, huenda mfano ulio karibu zaidi ni neno letu la shikamoo. Husemwa kwamba asili yake ni "nashika miguu yako", lakini hakuna mtoto wa Kiswahili anayeitamka salamu hiyo akijiona mtumwa, na mkubwa asiyeijibu kwa marahaba huhesabiwa kuwa ndiye aliyekosa adabu. Ndivyo ilivyo "rei": mwalimu naye huinama.

Chini ya adabu hizo zote kuna fikra mbili ambazo Wajapani huziita "on" na "giri". Ya kwanza ni fadhila uliyotendewa, ambayo ni kubwa mno kuweza kulipwa yote. Ya pili ni wajibu unaozaliwa na fadhila hiyo. Mwanafunzi hawi mwaminifu kwa sababu ameamrishwa, bali kwa sababu amepokea. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: pasipo fadhila, deni nalo halipo.

Usiku katika bustani ya mwalimu

Mtu aliyefanya juhudi kubwa kuliko wengi kuipeleka karate kutoka Okinawa hadi Tokyo ni Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri. Alikuwa mtoto dhaifu wa afya, na baadaye akawa mwalimu wa shule. Mwalimu wake wa kwanza wa karate, Anko Asato, alikuwa baba wa mwanafunzi aliyesoma naye darasa moja.

Zama hizo karate ilifunzwa kwa faragha. Katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni, Funakoshi anasimulia jinsi alivyokuwa akitembea usiku, taa mkononi, kwenda nyumbani kwa Asato, na jinsi alivyorejea kwake alfajiri. Majirani waliomwona wakaanza kunong'ona kwamba kijana huyo bila shaka analala katika nyumba zisizo na sifa njema. Hakuweza kujitetea, kwa sababu siri ya mazoezi haikuwa yake peke yake.

Ndani ya bustani hiyo alirudia "kata". Neno hili la Kijapani halihusiani na kata yetu ya Kiswahili. Maana yake ni mfululizo maalumu wa miendo ya kujihami na kushambulia, ambao mwanafunzi huufanya peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui. Asato aliketi akitazama. Hakuwa mwepesi wa kufafanua. Alimwambia arudie, kisha arudie tena, na siku za sifa zilikuwa chache mno. Kata moja iliweza kuchukua miezi na miezi, na kata 3 za jamii moja zilimchukua Funakoshi takriban miaka 10.

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba huo ni ukali usio na faida. Lakini tazama upande wa pili. Kwa miaka hiyo yote, mwalimu naye hakuwa amelala. Mtu wa heshima, wa tabaka la juu la Shuri, alikesha usiku baada ya usiku kwa ajili ya kijana mmoja, ambaye mshahara wake mdogo wa ualimu usingeweza kulipa saa hizo. Huo ndio uliokuwa mtaji wa uaminifu wa Funakoshi. Alipewa kitu ambacho hakiuzwi, nacho ni macho ya mtu anayejua, yakimtazama yeye peke yake.

Vitafunio vya wahenga

Katika kumbukumbu hizo hizo kipo kisa kinachoonyesha ni kitu gani hasa walimu hao walikitafuta. Usiku mmoja Funakoshi alikuwa njiani akirudi nyumbani, amebeba vitafunio vitamu vilivyokusudiwa kuwekwa mbele ya madhabahu ya wahenga wa familia yake. Watu wawili wenye nia mbaya wakamzuia njia na kumtaka atoe alicho nacho. Kwa ujuzi aliokuwa nao wakati huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba angewashinda. Yeye akawapa vitafunio, akaenda zake.

Siku iliyofuata aliwasimulia walimu wake wawili, Asato na Anko Itosu. Itosu alimsifu kwa kutotumia nguvu. Asato akamuuliza ni kitu gani basi alichokiweka mbele ya madhabahu, kwa kuwa vitafunio vilikwisha kuchukuliwa. Funakoshi akajibu kwamba aliomba tu kwa moyo wake wote. Walimu wakafurahi, wakaona kwamba sasa kijana wao ameanza kuielewa karate.

Ni jambo la kuzingatia, msomaji mpenzi. Mtu huyo aliyerudia kata kwa miaka huku akisifiwa kwa nadra, alisifiwa waziwazi siku ambayo hakumpiga mtu. Tabia ndiyo iliyokuwa mtihani, na miendo ya mikono na miguu ilikuwa maandalizi yake. Ndiyo sababu Funakoshi, alipokuja kuandika maagizo yake 20 kwa wanafunzi, alianza na adabu, na mara baada ya hapo akaweka kanuni kwamba mtu wa karate hawi wa kwanza kushambulia. Na ndiyo sababu katika kumbi nyingi hadi leo, mwishoni mwa somo husomwa kanuni 5 kuhusu kukamilisha tabia, ukweli, bidii, adabu na kuzuia hasira. Kila moja ya kanuni hizo hutanguliwa na neno lenye maana ya "moja", ili asiwepo wa kudai kwamba mojawapo ni ya pili kwa umuhimu.

Mwalimu asiye na wivu

Asato na Itosu walikuwa marafiki, na Funakoshi alijifunza kwa wote wawili. Zaidi ya hayo, anaeleza kwamba walimu hao walimtuma kwa walimu wengine, ili achukue kwao kile ambacho kila mmoja alikimudu zaidi. Hawakuona kwamba mwanafunzi ni mali yao.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hilo ni Kenwa Mabuni, aliyezaliwa mwaka 1889. Naye alisoma kwa walimu wawili wa njia tofauti: Itosu, aliyefuata mapokeo ya Shuri, na Kanryo Higaonna, aliyefuata mapokeo ya mji wa Naha. Walimu hao wawili walifariki dunia mwaka mmoja, yaani 1915. Mabuni alipoanzisha mtindo wake mwenyewe, hakuupa jina lake. Alichukua alama ya kwanza katika jina la Itosu, ambayo husomeka pia "shi", na alama ya kwanza katika jina la Higaonna, ambayo husomeka pia "to", akauita Shito-ryu. Leo maelfu ya watu duniani hutamka jina hilo bila kujua kwamba wanawataja walimu wawili waliokwisha kuzikwa.

Huo ni uaminifu usiomfunga mtu. Mabuni alichanganya, akabadilisha, akaanzisha kitu kipya, lakini aliandika mlangoni alikokitoa.

Maji, ufagio na subira

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasema Waswahili. Methali hii ingeeleweka vyema nyumbani kwa Higaonna. Mwanafunzi wake mashuhuri, Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888, alitoka katika familia yenye mali. Mwalimu wake hakuwa na mali. Hata hivyo inasimuliwa katika mapokeo ya mtindo wa Goju-ryu, ambao Miyagi ndiye mwasisi wake, kwamba kijana huyo wa kitajiri alianza kwa kazi za nyumbani na za bustani, na alirudia kata moja ya msingi, iitwayo Sanchin, kwa miaka kadhaa. Inasimuliwa pia kwamba mwalimu alipougua katika siku zake za mwisho, ni Miyagi aliyemuuguza na kubeba gharama.

Kazi hizo za mwanzo zilikuwa na sababu mbili. Kwanza, zilimpa mwalimu nafasi ya kumpima mgeni kabla ya kumkabidhi ujuzi unaoweza kuua. Pili, zilimwondolea mwanafunzi kiburi. Lakini kazi hizo hazikuwa za mwanafunzi peke yake. Funakoshi alipohamia Tokyo mwaka 1922, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, aliishi katika chumba kidogo cha bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili kujikimu alifagia bustani na kusafisha vyumba. Anasimulia kwamba siku moja mwandishi wa habari alifika na kumuuliza mzee aliyekuwa akifagia ni wapi anaweza kumpata mwalimu wa karate. Mzee akaingia ndani, akavaa nguo za heshima, akatoka kumpokea. Mwandishi akastaajabu kuona kwamba mfagiaji na mwalimu ni mtu mmoja.

Mwalimu anayeshika ufagio mwenyewe anaweza kumpa mwanafunzi ufagio. Asiyeushika, akimpa mwenzake, huyo amejitafutia mtumishi.

Mistari, mikanda na amri

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Mengi tunayoyaona leo katika ukumbi wa karate na kuyaita jadi ya kale si ya kale sana.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu aliingiza karate katika shule za Okinawa, na mwaka 1908 aliandika barua maarufu yenye vipengele 10 kueleza manufaa yake, yakiwemo ya kuwaandaa vijana kwa utumishi wa jeshi. Kumfunza kijana mmoja usiku bustanini ni jambo moja. Kufunza darasa zima la wavulana uwanjani mchana ni jambo jingine. Darasa lilihitaji mistari, hesabu na amri. Baadaye karate ikaingia katika vyuo vikuu vya Tokyo. Mavazi meupe na madaraja ya mikanda yalichukuliwa kutoka katika judo, mchezo ulioasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882, na Funakoshi alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924.

Katika vilabu hivyo vya vyuo, mkubwa kwa mwaka mmoja tu aliweza kumwamrisha mdogo wake apendavyo, na katika miaka ya 1930, Japani ilipokuwa ikielekea vitani, moyo wa kambi ya jeshi ulipenya kila mahali. Uhusiano wa mtu na mtu uligeuka kuwa uhusiano wa cheo na cheo. Utiifu ulibaki, lakini yale macho ya Asato yaliyomtazama kijana mmoja usiku kucha, hayakuweza kuwatazama vijana 100 kwa wakati mmoja.

Vita vyenyewe vilikatisha minyororo mingi ya mafunzo. Katika mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945, Miyagi alimpoteza Jin'an Shinzato, mwanafunzi wake mkubwa aliyetazamiwa na wengi kuwa mrithi wake. Katika mwaka huo huo, ukumbi wa Funakoshi uitwao Shotokan uliteketezwa na mabomu huko Tokyo, na mwanawe Gigo, aliyekuwa msaidizi wake mkuu, akafariki kwa maradhi. Mwalimu alibaki, na waliotarajiwa kumzika wakatangulia.

Urithi uliogombewa

Je, uaminifu ulioimbwa kiasi hicho ulistahimili kifo cha mwalimu? Historia inajibu kwa masikitiko. Miyagi alifariki mwaka 1953 bila kumtangaza mrithi, na wanafunzi wake wakaanzisha njia zao mbalimbali, kila mmoja akiwa na kumbukumbu yake ya mwalimu. Funakoshi alifariki mwezi Aprili mwaka 1957. Makundi mawili ya wafuasi wake, ambayo tayari yalikuwa yakivutana kuhusu mashindano na mwelekeo wa karate, yalishindwa kuelewana hata juu ya nani aongoze mazishi yake, na hawakusimama pamoja kaburini. Mfarakano huo ulidumu miaka mingi.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba waligombana kwa kukosa uaminifu. Pengine waligombana kwa sababu kila upande ulijiona kuwa ndio mwaminifu. Kundi moja lilisema mwalimu hakupenda mashindano, na hilo ni kweli: mwishoni mwa miaka ya 1920 alijitenga na klabu ya Chuo Kikuu cha Tokyo baada ya wanafunzi kuanza kupambana wakiwa wamevaa kinga mwilini. Kundi jingine lilisema mwalimu alikuwa mtu wa mabadiliko, na hilo nalo ni kweli: ni yeye aliyezipa kata majina mapya ya Kijapani na kuifungua siri ya Okinawa kwa watu wa bara. Uaminifu unaoelekezwa kwa mtu peke yake hubaki yatima mtu huyo anapoondoka. Unaoelekezwa kwa yale aliyoyafunza ndio unaoendelea kuishi, na la kwanza kati ya aliyoyafunza lilikuwa adabu.

Pale utiifu unapogeuka dhuluma

Lipo jeraha jingine ambalo Japani yenyewe imelazimika kulitazama. Mwanzoni mwa mwaka 2013, ilibainika kwamba wanawake 15 wa kiwango cha timu ya taifa ya judo walikuwa wamewasilisha malalamiko kuhusu kupigwa na kutukanwa na wakufunzi wao. Mkufunzi mkuu akajiuzulu, na mwezi Aprili mwaka huo vyama vikuu vya michezo nchini humo vilitoa azimio la pamoja la kukomesha ukatili michezoni. Karate nayo haikusalimika. Mwaka 2021, miezi michache kabla ya Michezo ya Olimpiki, mwanamke mmoja wa timu ya taifa alilalamika kwamba mkufunzi alimjeruhi jichoni kwa upanga wa mianzi wakati wa mazoezi. Mkufunzi huyo akaondolewa katika nafasi yake.

Katika matukio kama hayo, jambo gumu kuliko maumivu ya mwili ni kusema. Mwanafunzi aliyelelewa kuamini kwamba mwalimu ni mzazi wake wa pili hujiona msaliti anapofungua kinywa. Wenzake humwonyesha kidole kwamba amevunja jadi. Lakini tuirejee jadi yenyewe. Kanuni ya kuzuia hasira haikuandikwa kwa wenye mikanda meupe peke yao. Kanuni ya kutokuwa wa kwanza kushambulia haimwondoi mwalimu. Mwalimu anayempiga kwa ghadhabu mwanafunzi asiyeweza kumrudishia, ndiye aliyevunja kanuni, na mwanafunzi anayelisema jambo hilo hadharani ameifanyia karate uaminifu mkubwa kuliko wale walionyamaza.

Kushika, kuvunja, kuondoka

Katika sanaa za Kijapani kuna maneno matatu yanayoeleza safari ya mwanafunzi: "shu", "ha" na "ri". Katika hatua ya kwanza mwanafunzi hushika na kuhifadhi alichopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Hapa ndipo utiifu unapokuwa na nafasi yake, kwa kuwa asiyejua herufi hawezi kujadili insha. Katika hatua ya pili huvunja, yaani hupima, huuliza na kujaribu kwingine. Katika ya tatu huondoka, akasimama kwa miguu yake.

Kwa maana hiyo, utiifu ulikusudiwa kuwa daraja, wala haukukusudiwa kuwa nyumba. Mwalimu anayetaka mwanafunzi abaki milele katika hatua ya kwanza amemnyima kile alichomwahidi. Anayeondoka naye hawi msaliti, iwapo anajua alikotoka na kulitaja, kama alivyofanya Mabuni.

Tarehe 6 Agosti mwaka 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, dunia iliona tunda la mnyororo huo. Ryo Kiyuna, mzaliwa wa Okinawa, alishinda medali ya dhahabu ya kata kwa wanaume, katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza na ya pekee hadi sasa kuijumuisha karate. Alifuata mtindo wa Ryuei-ryu, uliohifadhiwa kwa vizazi kadhaa ndani ya ukoo wa Nakaima kabla ya kufunguliwa kwa watu wengine. Mwalimu wake, Tsuguo Sakumoto, alikuwa bingwa wa dunia mara 3 katika miaka ya 1980. Baada ya ushindi Kiyuna hakurukaruka. Alipiga magoti katikati ya ukumbi, akainama. Kisha akapanda jukwaani akiwa na picha ya marehemu mama yake.

Siku iliyofuata, Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda dhahabu katika mapambano ya wanawake wa uzito wa juu, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata dhahabu ya Olimpiki. Karate haikuwemo katika michezo ya Paris ya mwaka 2024. Lakini katika kumbi za mitaani watoto waliendelea kuinama mlangoni kama kawaida, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuja kwa ajili ya medali.

Mzazi atazame nini?

Turejee kwa yule mzazi tuliyemwacha mlangoni. Asihesabu vikombe vilivyopangwa ukutani, wala asitishwe na wingi wa kuinama. Na atazame mambo machache. Je, mwalimu naye huinama, na huinama kwa moyo? Je, yeye mwenyewe hufanya anayoyaamrisha? Mwanafunzi mdogo na dhaifu anapokosea, mwalimu hurudia kumwelekeza, au humfanya kichekesho cha wenzake? Je, hufurahi mwanafunzi anapojifunza pia kwingine, au hununa? Mzazi anaruhusiwa kuketi na kutazama somo? Na mtoto anaporudi nyumbani, je, amepungua ugomvi kwa ndugu zake, au umeongezeka?

Majibu yakiwa mema, basi mzazi amwache mtoto ainame, kwa maana anachokiinamia ni mkesha wa watu waliomtangulia. Yakiwa mabaya, amshike mkono waondoke, na asiwepo wa kumwambia kwamba amekosa subira.

Katika hekalu la Engaku-ji, mjini Kamakura, kuna jiwe la kumbukumbu ya Gichin Funakoshi lililosimamishwa na wafuasi wake mwaka 1968. Wangeweza kuandika juu yake idadi ya wanafunzi wake, au nchi ambazo karate imefika. Waliloamua kuchonga ni ile kanuni yake kwamba katika karate hakuna wa kuanza kushambulia. Watu wanaopita hapo husimama, wakainama, wakaendelea na safari yao.